Meno Gazetini

Pale dukani Kalamba, mwalimu wa misheni aliwasomea wanakijiji gazeti: Wakamba wameitolea serikali ng'ombe wao kwa furaha tele. Chini palikuwa na picha ya mzee anayecheka mbele ya zizi tupu.

"Si wewe huyu, Kilonzo?" mwalimu akauliza.

Kilonzo alijitazama pichani. Siku askari walipoondoka na mifugo yake, mzungu mwenye kamera alimwamuru apanue mdomo, eti aone meno yake yaliyochongwa kimila. Ni hayo tu.

"Kumbe sisi tukilia, wewe ulikuwa unachekelea," akasema jirani yake, mama aliyenyang'anywa ng'ombe wa maziwa ya wajukuu.

Kilonzo akafungua mdomo ajieleze. Meno yale yale yakatokeza.

Mama akatema mate.