Yai la Korongo

Hapo kale palikuwa na bwawa la wote, na kwa kuwa lilikuwa la wote, hakuna aliyelizibua. Tope lilipofika magotini, wanyama wakafuta mwiko uliowazuia wageni, ili waje kusaidia kuzoa, wakamwachia ulinzi Kiboko, mgane asiyeyumba.

Akatua Korongo kutoka ng'ambo. "Kundi langu litazoa tope lote, nasi tule samaki tutakavyo."

"Mtakula," Kiboko akasema, "mkitaga hapa."

"Sisi hutaga kwetu, mzee."

"Basi kaleni kwenu."

Chura akaguna. "Unamfukuza mgeni, na viluwiluwi wangu wanakauka?"

"Mwenye yai hapa hatalimaliza bwawa la wanawe," Kiboko akajibu. "Shuka topeni, tuchimbe."

Korongo akaruka hadi bwawa la jirani, lililompa yote aliyotaka. Kiboko na Chura wakachimba kiangazi kizima, kidogo kidogo, na viluwiluwi wakapata pa kuogelea.

Mwaka uliofuata, bwawa la jirani halikuwa na hata kambare mmoja. Korongo akatua tena kwa Kiboko, kijiti cha kiota mdomoni.

"Karibu," Kiboko akasema, akampisha penye mti. "Jenga kwanza. Tope bado lipo."