Mpangaji wa Dobi

Dobi aliinua pasi haraka asije akaunguza kola, kisha akasubiri kifua chake kiache kugongwa.

Ngumi tatu, kama kawaida. Halafu ile sauti nyembamba kutoka chini ya mbavu: "Nifungulie!"

"Kaanza tena?" fundi saa aliuliza kutoka upande wa pili wa ukuta wa mbao.

"Leo ana hasira huyo. Wako je?"

"Analia tu. Treni imepiga honi."

Walipanga duka moja, wakaligawa kwa mbao. Dobi alikuwa mwanamke mnene, mwenye kicheko cha kusikika mtaa mzima. Fundi saa alikuwa mwembamba kiasi kwamba dobi alimtania angemkunja na kumpanga kwenye rafu pamoja na mashati. Wapita njia walijiuliza wamependeana nini. Hawakujua kwamba katika mji ule hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kumsikia mpangaji wa kifuani mwa dobi, wala yule wa fundi saa. Wao wawili walisikiana.

Dobi alimpata wake miaka mitatu nyuma, baada ya homa iliyomfutia kila kitu, hata sura ya mama yake. Alipozinduka aliambiwa, "Huyu ni kaka yako," akakubali. Tangu siku hiyo kifua hakikumpa nafasi. Aligongwa akila, aligongwa akicheka, aligongwa akiwa bafuni. Hapakuwa na chumba ambamo angeweza kuingia akawa peke yake. Fundi saa naye alizinduka vivyo hivyo, kando ya reli, hakumbuki kitu, na kilio kifuani.

Na sasa harusi yao wawili ilikuwa Ijumaa.

"Sitaki ndoa ya watu wanne," alisema. "Kitanda chenyewe tumenunua kidogo."

Fundi saa aliweka bisibisi chini. "Na kama wakiondoka, tukabaki wawili tu, tukakuta hatupendani?"

"Utanipenda tu. Utakimbilia wapi na miguu hiyo?"

Dobi alicheka, akarudi kwenye pasi yake. Hofu hiyo hiyo ilikuwa yake pia.

Kaka yake, dereva wa lori, ndiye aliyemleta mpunga pepo: bibi mmoja mwenye miwani, nadhifu kama mwalimu mkuu, mkoba wake umejaa chupa nene za kijani. Mchana ule wote wanne walijifungia chumba cha nyuma. Dirisha lilikomewa, mlango ukazibwa kwa shuka chini. Joto la pasi lilikuwa bado humo, na dobi alihisi anapikwa.

"Nani aanze?" aliuliza bibi.

"Mimi," dobi akasema. "Nimechoka, bibi yangu. Mtoe."

"Huwa simchagui mtu, mwanangu. Namwita asiye mwenye nyumba, naye hutoka."

Dobi alilala mkekani. Kaka yake alisimama pembeni akiuma kidole, hamtazami usoni. Miaka mitatu sasa hakuwa akimtazama usoni.

"Asiye mwenye nyumba, toka," bibi aliita. Akaita mara ya pili. Kifuani, ngumi zilipiga kama mvua ya mawe. Dobi akafumba macho, akasukuma kwa nguvu zake zote.

"Toka!" alipiga kelele. "Toka, uniache na mume wangu!"

Bibi akaita mara ya tatu.

Kugonga kukakoma. Dobi alijiona mwepesi, mwepesi kuliko alivyowahi kuwa, na mahali fulani juu ya kichwa chake kizibo kikakazwa.

Kupitia kioo cha kijani alimwona mwanamke mnene akiinuka mkekani na kumrukia dereva shingoni. "Kaka! Nilikuwa nawaita! Miaka yote hiyo nilikuwa nawaita!" Dereva alilia kama mtoto, akaufungua mlango kwa teke ili dada yake apate hewa. Mwanamke akamwona fundi saa, akajivuta nyuma. "Na huyu ni nani?"

Bibi alikuwa akipangusa chupa ya pili. "Haya, baba. Zamu yako."

Mlango ulikuwa wazi, na hakuna aliyekuwa akimtazama fundi saa. Aliitazama barabara. Akaitazama chupa aliyokuwamo dobi. Kisha akavua viatu, akalala mkekani.

"Hiyo ya pili irudishe mkobani, bibi," alisema. "Tutaenea wawili humo humo alimo."