Sehemu ya Tatu

"Wimbo umeuharibu," mgeni alisema, akazima kinasa sauti mbele ya Nakaale, mpishi wa misheni ya Isiolo.

Mgeni huyo alikuwa ametoka Ayalandi mwaka huo wa 1979 kutafuta muziki wa dansi wa kwao. Wimbo huu Nakaale aliujua kwa padri mzee wa Kiayalandi, aliyeupiga kwa fidla pale jikoni kila Jumapili hadi alipokufa. Sasa Nakaale alikuwa ameuimba wote, sehemu zake tatu.

"Kwenye kitabu cha nyimbo hizi ziko mbili. Kwenye santuri pia ni mbili. Hiyo ya tatu umejitungia, mama. Nyinyi watu mnachanganya mambo."

Nakaale alirudi kuchambua maharagwe.

Mgeni akafungua kitabu ili amwonyeshe. Kidole chake kikashuka hadi maandishi madogo chini ya ukurasa, kikakwama hapo. Masikio yake yakawa mekundu.

"Wameandika ilikuwapo ya tatu," alisema polepole. "Ilipotea kabla ya kuchapishwa." Akawasha kinasa sauti. "Tafadhali, mama. Imba ile."

Nakaale alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, kama mtu anayekagua mbuzi mgonjwa sokoni.

"Basi enda uitafute huko ilipopotelea," alisema. "Na usogee. Unanizibia mwanga."