Mtoto Asiyekohoa

Mizani aligonga mlango mara tatu, na mdadisi aliyesimama nyuma yake akaomba kimoyomoyo wenye nyumba wawe wamehama.

Mizani halikuwa jina lake. Wadadisi walimbandika jina hilo kwa sababu hakwenda popote bila ile mizani ya kupimia watoto begani, na kwa sababu watu pia aliwapima vivyo hivyo, taratibu, bila huruma. Alikuwa msimamizi wa utafiti wa afya ya watoto na familia zao. Kila baada ya miezi mitatu mdadisi alitakiwa kumfuata kila mtoto nyumbani, amwone kwa macho yake, ampime, aulize anakula nini, anaumwa nini, nani anamlea. Kila mwezi Mizani alichomoa mafaili machache, akaenda kuhakikisha. Safari hii alichomoa la mtoto huyu.

"Mtoto wa miaka miwili ambaye hajawahi kukohoa," alisema asubuhi ofisini. "Huyo nataka nimwone."

Wadadisi wote walicheka. Mdadisi mwenye faili hilo naye alicheka.

Mtoto huyo hakuwahi kumtia machoni. Faili alilirithi kwa mwenzake aliyeacha kazi. Mara ya kwanza alipanda kilima chote, ngazi mia na ushei, akakuta mlango umefungwa. Alikuwa amechoka na viatu vinambana. Akakaa hapohapo kwenye ngazi, akatazama uzito wa zamani, akaongeza nusu kilo, akajaza na mengine yote. Mara ya pili na ya tatu hakupanda kabisa. Alijazia jikoni kwake, chai ikichemka. Mtoto wa karatasini alinenepa kuliko watoto wote wa mtaa, maana mwongo akishika kalamu hana choyo.

Nyumba nyingine zote alizifikia kweli, jua na mvua. Lakini sheria ya kazi haikujua hilo. Fomu moja tu ya kupikwa, na mdadisi anafukuzwa siku hiyohiyo. Nyumbani alikuwa na mama mgonjwa, asiye na mtu mwingine ila yeye.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mwanamke mwembamba wa rika la mdadisi, mikono imelowa maji ya kufulia. Alitazama vitambulisho vifuani mwao, kisha akautazama mlango nyuma yake kama anayetaka kuufunga tena.

Mizani alisalimia, akajieleza, akafungua faili. Pamoja na ukali wake wote, Mizani alikuwa na tabia moja mbaya ya kazi: alisoma kwanza jibu lililoandikwa, ndipo akauliza kama ni kweli.

"Hapa imeandikwa dada huyu alikuja mwezi wa tano, tarehe kumi na nne. Akampima mtoto, kilo kumi na moja na nusu. Alimkuta mzima, anacheza. Ni kweli, mama?"

Arobaini zimetimia, mdadisi aliwaza. Akajikaza kisabuni, akisubiri kusikia kwamba hajulikani hapa.

Yule mama alimtazama usoni, muda mrefu. "Mwezi wa tano?" akauliza.

"Mwezi wa tano."

"Na ameandika kwamba alimwona yeye mwenyewe?"

"Sahihi yake hii hapa."

Maji yalimdondoka mama yule vidoleni. "Ni kweli," akasema. "Karibu tena, dada. Leo umekuja na mgeni."

Mdadisi aliingia, akakaa pembeni ya kitanda kidogo cha mtoto, kilichopangwa sufuria na nguo zilizokunjwa, maana kiti kilikuwa kimoja na Mizani alishakikalia. Hakuthubutu kuinua macho. Mizani alisoma, mama akaitikia. Mtoto anakula vizuri? Vizuri. Hajaugua? Hajaugua, namshukuru Mungu. Yuko wapi sasa? Amekwenda kusalimia kwa bibi yake, atarudi. Mizani aliandika yote, akasema watakuja kumpima atakaporudi, akafunga faili.

Wako watu wema duniani, mdadisi alijiambia. Mwenzangu ameuona woga wangu pale mlangoni akanihurumia, bila kunijua, bila kuniomba kitu. Machozi yalimlengalenga, naye akayameza haraka.

Nje, Mizani alimshika bega. "Nilikudhania vibaya, mwanangu. Nisamehe." Akatangulia kushuka, ngazi moja moja kwa sababu ya magoti, mizani ikimgonga mgongoni.

Mdadisi akarudi mlangoni mbio. Alinong'ona kwamba hajui amshukuru vipi, kwamba amemwokoa yeye na mama yake mzazi, kwamba fadhila hii hataisahau mpaka anaingia kaburini.

Mama yule alimshika kifundo cha mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi, na hakikulegea.

"Usinishukuru, dada. Wifi yangu amekwenda polisi. Anasema mtoto hajaonekana tangu mwezi wa kwanza, na polisi wanakuja kesho." Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Usiku kucha sijalala, sikuwa na la kuwajibu. Sasa utawajibu wewe uliyemwona mwezi wa tano."