Barafu ya Ghanshyam

"Umekiweka kwenye barafu?" daktari aliuliza, amekiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha.

Ghanshyam alinyoosha mikono yote miwili, kama mtoto anayekaguliwa kucha. Vidole vilikuwa vyeupe, vimekunjamana.

"Nimetoka nacho dukani Kariakoo nimekishika ndani ya ndoo ya barafu, Daktari. Sijakiachia hata kidogo."

Alikuwa muuza friji. Tangu biashara ifunguliwe, nusu ya mtaa wa Mchafukoge ilikuwa imenunua kwake, naye kila mteja alimfungulia mlango wa juu, wa friza, akimwambia: humu, mama, kitu hakiozi. Mgao wa umeme ulipoanza, alijitolea mwenyewe kukihifadhi kichupa cha mkewe aliyelazwa hapo hospitali, maana dukani alikuwa na jenereta. Ilikuwa dawa mpya ya kinga, ikijaribiwa kwa wagonjwa ambao vijidudu vimewaingia kwenye damu.

Alikilaza humo, mlango wa juu.

"Nilisema kikae kwenye baridi, Bwana Ghanshyam. Sikusema kigande."

Ndani ya kichupa, dawa iliyopaswa kuwa angavu kama maji ilikuwa na mabonge meupe, kama maziwa yaliyokatika.

"Kingine?"

"Kitakuja na ndege ya Ijumaa." Daktari alimtazama mgonjwa, kisha akatazama sakafu.

Ghanshyam aliinama, akaweka viganja kwenye paji la uso la mkewe, lililokuwa likiwaka moto. Mama wa watu akafumbua macho, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akatabasamu.

"Usiitoe mikono, baba watoto," alinong'ona. "Dawa ndiyo hii."