Kilo za Soksi

"Themanini na nne," alisema mama wa duka la dawa za mifugo, akiinama kuusoma mshale wa mizani.

Juu ya mizani alisimama fundi viatu, amemkumbatia mbwa wake kama mtu aliyebeba mtoto anayelia. Soksi, mbwa mweusi mwenye nyayo nyeupe, hakukubali kamwe kukikanyaga chuma kile. Kwa hiyo kila mara alipimwa mikononi mwa bwana wake, kisha zikatolewa kilo za bwana, sabini na mbili, zilizoandikwa kwenye kona ya kadi ya mbwa tangu siku ya kwanza.

"Kumi na mbili," mama wa duka akasema taratibu.

Binti wa fundi aliichukua kadi. Ishirini. Kumi na sita. Sasa kumi na mbili. Ndani ya miezi mitano karibu nusu ya mbwa ilikuwa imekwenda, na hakuna aliyejua imekwenda wapi.

"Lakini dawa tulimpa," alisema. "Vidonge vyeupe kwanza, halafu ile ya maji."

"Vyeupe ni rahisi, vinaua minyoo ya kawaida tu. Ya maji ni hiyo hiyo, imetiwa utamu." Mama wa duka alishusha kisanduku kutoka rafu ya juu. "Hivi vinaua kila aina, hata tegu. Kimoja kwa kilo kumi. Ila bei ya kimoja ni paketi nzima ya vile vyeupe."

Fundi alimtua mbwa, akaishika kaunta, akapumua kwanza. "Kwa bei hiyo, mama, inakufa minyoo au anakufa mwenye mbwa?"

Mama wa duka alicheka, kisha akaacha. Alimfunua Soksi midomo, akamvuta kope. "Kinachonishangaza, ufizi mwekundu, macho maangavu. Lakini mizani ina faida gani kunidanganya?" Akamgeukia binti. "Mpeni hivi, mrudi baada ya wiki tatu. Akishuka tena, si minyoo, ni ugonjwa wa ndani. Hapo, mwanangu, nitamwita daktari aje na sindano ya kumpumzisha. Asiteseke."

Binti alivinunua vile vya rafu ya juu. Baba yake hakubishana.

Wiki zile tatu, nyumba iliishi kwa ajili ya Soksi. Binti alificha kidonge ndani ya donge la nyama, akamshika mdomo mpaka akameza. Kila asubuhi alikichokoa kinyesi kwa kijiti, akatafuta, asione hata kitu mfano wa uzi. Alimpapasa mbavu. Siku moja alizihisi zote, siku ya pili hazikuwepo. Ukishaambiwa fulani anakonda, hata vidole hutii.

Mezani baba aliisukuma sahani yake. "Mpe mdogo wako. Mimi nimeshiba." Ndivyo alivyomwita Soksi tangu mkewe alipofariki: mdogo wako.

"Baba, hujala kitu."

"Anayelishwa ni mgonjwa, mwanangu. Mzima anywe maji." Akanywa bilauri mbili mfululizo, akanyoosha mkono aongezewe ya tatu.

Kesho yake binti alimkuta baba kwenye kibanda chake cha viatu akiutoboa mkanda wa suruali yake tundu jipya, kwa msharasi ule ule wa kutobolea soli.

"Si vidonge vya mdogo wako!" baba akasema akicheka. "Ametufungisha mkanda kweli kweli huyu."

Binti naye alicheka. Kisha akaenda nyuma ya kibanda, akakaa chini na Soksi, akalia kwenye manyoya yake.

Siku ya kupima ilipofika walitembea polepole, wakipumzika kila penye kivuli. Soksi aliivuta kamba mbele, akirudi nyuma kuwaangalia. Mlangoni pa duka baba aliketi juu ya magunia ya chakula cha kuku.

"Mbebe wewe leo," alisema. "Mikono yangu imechoka kubeba habari mbaya."

Ndani, kadi ilikuwa tayari juu ya kaunta, na pembeni yake karatasi yenye namba ya simu ya daktari. Binti aliiona, akageuza uso.

"Panda kwanza peke yako," mama wa duka akamwambia, "nizijue kilo zako."

Hamsini na moja.

Kisha akamnyanyua Soksi. Mbwa alimlamba kidevu. Binti alifumba macho. Hata kumi na mbili ile ile, aliomba moyoni. Isishuke tu.

Mama wa duka aliinama karibu zaidi na mshale.

"Sabini na moja."

Alifumbua macho. Alitoa hamsini na moja kichwani, kisha akatoa tena kwa vidole.

"Shuka," akasema mama wa duka. "Panda tena."

Mshale ukarudi pale pale. Ishirini, kama siku ya kwanza kabisa.

"Dawa imefanya kazi!" Binti alikuwa akicheka na machozi yakimtiririka. "Kilo nane, mama! Kwa wiki tatu!"

Mama wa duka hakucheka. Alikuwa akiitazama kona ya kadi, pale palipoandikwa sabini na mbili. Kisha akainua macho hadi mlangoni, ambako fundi viatu alikuwa akijaribu kuinuka kutoka kwenye magunia, mkono mmoja ukutani, mwingine umeishika suruali isianguke.

"Mzee," akamwita kwa upole, "hebu njoo upande peke yako."