Sekunde Thelathini

Picha ya sekunde kumi nayo iliharibika.

Fundi Saa aliinamia kioo kidogo cha kamera iliyofungwa kwenye darubini yake, akasonya. Jana tu sekunde thelathini zilimpa nyota safi, za mviringo kama vichwa vya pini. Leo, tangu amalize chakula cha jioni, thelathini zimekataa, ishirini zimekataa, na sasa kumi.

Kwa miaka arobaini alikuwa amefungua saa za watu na kuzifunga bila kupoteza hata skrubu moja. Darubini hii aliujua udhaifu wake. Mota zake huigeuza kushoto na kulia, juu na chini, basi. Haiwezi kupinda shingo jinsi mbingu inavyopinda. Ukiacha jicho la kamera wazi kupita nusu dakika, nyota ya katikati hutulia, lakini za pembeni huizunguka na kuota mikia. Ndiyo maana mwisho wake ni sekunde thelathini.

Leo hata ile ya katikati ilikuwa na mkia. Na mikia yote ilielekea upande mmoja, kama watu waliogeuka kwa kelele moja.

"Umeshindwa?" Mkewe alikuwa amesimama kwenye ngazi ya kupandia paani, mikono kiunoni.

"Bado."

"Mzee, ahadi ni ahadi. Picha moja safi ya sekunde thelathini leo hii, au kesho hilo bomba lako linashuka linakwenda shuleni. Nimechoka kuanika nguo chumbani."

"Ni mota tu, mama. Imeingia vumbi."

"Mota! Juzi si ulisema miguu?"

Kweli alisema. Wiki nzima, kila jioni, pimamaji ilimwonyesha kuwa mguu wa darubini ulio upande wa shimo umezama kidogo, naye akaongeza kipande cha kadi chini yake. Shimo lenyewe lilikuwa kiwanja cha jirani: wachimbaji walichimba msingi hadi kwenye ukuta wa nyumba ya Fundi Saa, wakaondoka, mvua ikalijaza. Fundi Saa alimshukuru Mungu kwa hilo. Mataa ya wachimbaji yalizimwa, upande ule ukabaki na giza zuri la nyota.

"Basi ukimaliza na mota, njoo na mlango wa chumbani," mkewe alisema. "Umeuranda mara mbili na bado unakwaruza. Wajukuu wanalala mle, nami naufungua kwa bega kama mwizi."

"Mvua hiyo. Mbao zimevimba."

"Wewe hukosi sababu." Akashuka, slipa zake zikipiga ngazi moja moja.

Alipobaki peke yake alifungua kifuniko cha mota, akaiweka skrubu yake juu ya ukuta mfupi wa paa, upande wa shimo. Akapuliza, akafuta, akasikiliza. Mota ilinguruma taratibu, kama paka aliyeshiba. Akajaribu sekunde tano.

Mkia.

Katika maisha yake yote, darubini hii ndiyo kitu pekee alichojinunulia mwenyewe.

Dukani, saa ikimbishia, alizoea kuipima kwa nyingine. Basi akaichomoa kamera kwenye darubini, akaifungia lenzi yake ndefu, akailaza juu ya ukuta, zege kavu, na kuielekeza kwenye taa nyekundu ya mnara wa simu ng'ambo ya bonde. Hapa hapana mota, hapana miguu, wala hapana nyota ya kutembea. Mnara ni chuma kilichosimama. Akafungua jicho la kamera, akahesabu hadi thelathini midomo ikichezacheza, kama mtu anayesali.

Picha ikatokea. Taa nyekundu ilikuwa na mkia, umeelekea upande uleule.

Fundi Saa karibu acheke kwa furaha. Kumbe darubini ni nzima! Tangu mwanzo ilikuwa nzima, na mkewe atalikubali hilo akitaka asitake. Akanyoosha mkono kuchukua skrubu afunge kifuniko chake.

Skrubu haikuwa pale alipoiweka. Ilikuwa inabingirika juu ya ukuta, polepole, bila kuguswa na mtu wala upepo. Ikafika ukingoni, ikaanguka. Akaisikia ikiingia kwenye maji ya shimo.

"Mzee!" Sauti ya mkewe ilitoka chini, imezibwa na mbao. "Hebu shuka na randa yako. Niko chumbani na watoto, na mlango umekataa kabisa."